Bruce Lee: Stelingi aliyezikwa kabla dunia haijamshangilia

Na Mwandishi Wetu

FILAMU ya Enter the Dragon ilipoanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani, Agosti 1973, mtu ambaye watazamaji walijipanga foleni kwenda kumwona alikuwa amekwisha kuzikwa wiki kadhaa kabla, katika makaburi ya Lake View mjini Seattle.

Bruce Lee alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 32. Katika utu uzima wake alikuwa amekamilisha filamu nne tu kama mhusika mkuu, zote zikipigwa picha katika kipindi kisichofika miaka miwili.

Hesabu hiyo humshangaza mtu aliyekulia katika mabanda ya video ya Dar es Salaam, ambako jina lake lilitajwa kana kwamba ameacha kanda mia. Ukweli ni kwamba nyingi hazikuwa zake. Baada ya kifo chake, watengenezaji wa Hong Kong na Taiwan waliwatafuta vijana wenye sura inayokaribiana na yake, wakawapa majina kama Bruce Li na Bruce Le, na mtoto aliyelipa kiingilio chake hakuwa na namna ya kujua kwamba ameuziwa kivuli.

Lee alizaliwa Novemba 27, 1940, San Francisco, wakati baba yake, msanii wa opera ya Kikantoni Lee Hoi-chuen, akiwa huko katika ziara ya maonyesho. Mwaka uliofuata familia ilirejea Hong Kong, iliyokuwa koloni la Uingereza, na kabla mwaka huo haujaisha majeshi ya Japani yaliuteka mji huo.

Sinema aliianza akiwa angali mtoto wa kubebwa mikononi, na hadi anafikia ujana alikuwa ameonekana katika filamu zipatazo 20. Hata hivyo nyumbani alijulikana zaidi kwa utukutu. Ugomvi wa mitaani ndio uliomfikisha kwa mwalimu Yip Man, akajifunza mtindo wa Wing Chun, ambao hupigana kwa karibu na kwa mikono ya haraka.

Si wengi wanaokumbuka kwamba mwaka 1958 kijana huyo huyo alitwaa ubingwa wa Hong Kong katika dansi ya cha-cha. Anayezitazama nyayo zake katika filamu akiwa na habari hiyo ataona mambo mapya.

Mwaka 1959 wazazi wake, wakihofia kwamba ngumi zingemfikisha pabaya, walimpandisha meli kwenda Marekani akiwa na dola 100. Mtoto aliyezoea kamera akawa mhudumu wa mgahawa wa Ruby Chow, Seattle, kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1961.

Hapo ndipo alipoanza kufundisha, na mwanafunzi wake wa kwanza, Jesse Glover, alikuwa Mmarekani mweusi. Jambo hilo halikuwa dogo, kwani walimu wengi wa kung fu wa Kichina wakati huo hawakupenda kuutoa ujuzi huo nje ya jamii yao. Mke aliyemwoa mwaka 1964, Linda Emery, naye alikuwa mwanafunzi wake, mzungu.

Mwishoni mwa mwaka huo, mjini Oakland, alipambana na mwalimu mwingine wa Kichina, Wong Jack Man. Waliokuwapo hawakupata kukubaliana juu ya chanzo cha ugomvi wala mshindi. Lee mwenyewe hakuridhika na namna alivyopigana, akaanza kupunguza mapambo ya mitindo ya zamani na kubakiza kile kinachofaa. Mwaka 1967 aliupa mtazamo huo jina la Jeet Kune Do.

Televisheni ilimwita mwaka 1966, akacheza Kato, dereva na msaidizi wa shujaa mzungu katika The Green Hornet. Mfululizo huo ulifutwa baada ya vipindi 26. Huko Hong Kong watu waliuita kwa jina la Kato, lakini Hollywood ilimwona bado ni dereva.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Aliwafundisha Steve McQueen na James Coburn, nyota waliolipwa fedha ambazo yeye aliziota tu. Mwaka 1970 aliumia vibaya mgongo akinyanyua vyuma, na madaktari wakamwonya kwamba huenda asirushe teke tena. Alilala kitandani miezi kadhaa akiandika madaftari ya nadharia zake.

Kisha likaja suala la mfululizo wa Kung Fu. Mashabiki wengi husema wazo lilikuwa lake na likaibwa. Habari yenyewe haijanyooka hivyo, kwa kuwa mswada wa waandishi wengine ulikuwapo, na Lee alikuwa na wazo lake lililofanana nao. Lisilo na ubishi ni kwamba nafasi ya mtawa wa Shaolin alipewa David Carradine, mzungu.

Lee akarudi alikotoka. Kampuni changa ya Golden Harvest, chini ya Raymond Chow, ilimpa mkataba wa filamu mbili kwa dola 15,000. The Big Boss, iliyopigwa Thailand, ilivunja rekodi ya mapato Hong Kong mwaka 1971. Fist of Fury ikafuata mwaka 1972.

Katika filamu hiyo analipiga teke bango la bustani ya Shanghai linalowakataza mbwa na Wachina, likavunjika vipande. Kwa watazamaji wa miji ya Afrika Mashariki, ambao wengi wao walikuwa wameuona ubaguzi wa enzi ya ukoloni kwa macho yao, onyesho hilo halikuhitaji tafsiri.

Mwisho wake ndio uliowachanganya watoto wa vibandani, walioshika kama sheria kwamba stelingi hafi. Hapa stelingi anaruka kuelekea kwenye bunduki, picha inagandia hewani na milio inasikika.

Baada ya The Way of the Dragon, aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe, Hollywood iliyomkataa ilimfuata Hong Kong. Enter the Dragon ilitengenezwa na Warner Bros. kwa kushirikiana na upande wake mapema mwaka 1973.

Mei 10 alianguka akiwa katika chumba cha kuingizia sauti, na madaktari wakagundua ubongo umevimba. Julai 20, katika nyumba ya mwigizaji Betty Ting Pei, alilalamika kuumwa kichwa, akapewa kidonge, akajilaza na hakuamka tena.

Taarifa ya kwanza ilidai mauti yalimkuta kwake. Magazeti yalipogundua vinginevyo, uvumi ukapata mbolea: sumu, wahalifu, laana. Uchunguzi wa mahakama uliamua kuwa ni kifo cha bahati mbaya, wataalamu wakikihusisha na dawa ile. Mwaka 2022 watafiti wa figo walikuja na hoja nyingine, kwamba huenda mwili ulizidiwa na maji.

Game of Death, aliyoiacha njiani, ilimaliziwa mwaka 1978 kwa kutumia watu wa kumwigiza. Watengenezaji hawakuona haya kuingiza picha za mazishi yake halisi. Kisa chake kilihusu mwigizaji anayepigwa risasi ya kweli wakati wa kurekodi filamu.

Machi 31, 1993, mwanawe Brandon, mwenye miaka 28, alifariki baada ya kupigwa na bunduki ya maigizo iliyokuwa na kipande cha risasi, akirekodi The Crow huko North Carolina. Wapenda laana walipata tena la kusema, ingawa chanzo kilikuwa uzembe wa watu katika kuitunza silaha hiyo.

Alizikwa Lake View, kando ya baba yake.