Daktari Aliyetazama Miguu ya Watoto

Mtoto wa shangazi yangu alipoanza kutembea, miguu yake ilipinda kama upinde. Majirani wakaanza kunong'ona. Wengine walisema amerogwa, wengine eti alisimamishwa mapema. Kwa aibu shangazi akawa anamficha ndani ya nyumba. Kumbe ndivyo alivyozidi kumwumiza! Ulikuwa ugonjwa wa matege. Nilipomwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, alinisimulia habari za John Boyd Orr.

Orr alizaliwa mwaka wa 1880 kule Uskoti. Akiwa mwanafunzi mjini Glasgow, alipita katika mitaa ya maskini akaona watoto wenye matege. Nyumba zilibanana, jua lilikuwa adimu na chakula kilikuwa haba. Alifundisha shule miaka michache, kisha akarudi chuoni kusomea udaktari.

Mnamo 1927 alijaribu jambo rahisi: kuwapa wanafunzi wa Uskoti maziwa kila siku ya shule. Basi wakakua kwa kimo na uzito kuliko wenzao.

Miaka hiyo hiyo, yeye na Daktari John Gilks walichunguza afya huku kwetu Kenya. Taarifa yao ya 1931 ilionyesha kwamba mifupa yenye kasoro na meno yaliyooza yalikuwa mengi zaidi kwa Wakikuyu, waliotegemea nafaka na viazi, kuliko kwa Wamaasai, waliokunywa maziwa. Wamaasai nao walikuwa na maradhi yao, kama vile ya viungo. Tofauti aliitafuta kwenye chakula, si kwenye uchawi.

Mwaka wa 1945 Orr alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Mwaka wa 1949 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki 1971.

Sasa tujiangalie sisi wa Kisii na Nyamira. Kwa sababu ya baridi ya milima yetu, mtoto hufunikwa mablanketi hadi puani. Mashamba yamegawanywa hadi hakuna pa kufuga ng'ombe, na mtoto hupewa chai ya strungi. Wazazi wetu walikunywa maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kutolewa shuleni 1979. Sisi tumeyasikia tu.

Ngozi ikipata jua, mwili hutengeneza vitamini D. Vitamini hiyo huusaidia mwili kupokea kalsiamu iliyo katika chakula. Kimoja kikikosekana, mfupa hubaki laini na kupinda. Jua tunalo bure. Kalsiamu imo katika maziwa, uji wa wimbi, chinsaga na omena anayeliwa na mifupa yake.

Shangazi alimpeleka mtoto hospitalini, akapewa dawa, na siku hizi humwotesha jua la asubuhi. Miguu imeanza kunyooka. Mfupa ni kama samaki, hukunjika na kukunjuka ungali mbichi.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiona mtoto aliyepinda miguu, usinong'one. Mwambie mamake ampeleke kliniki mapema.