Abu Amr wa Basra, msomaji ambaye Sudan ilirithi kisomo chake

MTU anayeswali nyuma ya imamu mtaani Makina, Kibera, husikia katika Sura ya al-Fatiha neno maaliki likivutwa: Mwenye kumiliki Siku ya Malipo. Akisafiri hadi Omdurman, mkabala na Khartoum, akaswali nyuma ya mzee aliyehifadhi Kurani katika khalwa za zamani, huenda akalisikia neno hilohilo bila kuvutwa, maliki, yaani Mfalme wa Siku ya Malipo.

Ikifika sura ya mwisho ya msahafu, tofauti hugonga sikio zaidi. Neno nas, watu, huinamishwa kuelekea sauti ya e, likawa karibu na nees. Nalo limo mara tano katika sura yenye aya sita tu.

Asiyejua hudhani kwamba imamu amekosea, na pengine akamrekebisha mbele ya maamuma. Hajakosea. Anasoma kisomo cha Abu Amr bin al-Alaa wa Basra, mmoja wa wasomaji saba mashuhuri wa Kurani, kwa njia ya mpokezi wake aitwaye ad-Duri.

Kwa Makina jambo hili si la mbali. Wanubi walioanzisha makazi ya Kibera ni wazao wa askari kutoka Sudan. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard aliwachukua askari waliosalia baada ya Emin Pasha kuondoka jimbo la Equatoria, akawaingiza Uganda. Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, wengi wao walikuwa ndani yake. Baadaye waliostaafu wakapewa ardhi ya msitu kando ya Nairobi, wakaiita Kibra, ambalo kwa Kinubi ni msitu. Sudan, nchi ambayo historia yao imefungamana nayo, ni mojawapo ya ngome za kisomo cha ad-Duri hadi leo, ilhali kinachotawala misikitini Kenya ni kisomo cha Hafs, aliyekipokea kwa Asim wa Kufa.

Abu Amr alizaliwa Makka takriban mwaka 70 Hijria, karibu na mwaka 689 Miladia, katika kabila la Tamim, akakulia Basra nchini Iraki. Jina lake halisi limezua mabishano ya ajabu: wanachuoni wametaja majina zaidi ya 20, na wengi wao wamelichagua Zabban. Yeye mwenyewe alitosheka kuitwa Abu Amr.

Ujana wake uliangukia enzi ya al-Hajjaj bin Yusuf, gavana wa Iraki chini ya dola ya Bani Umayya, mtu ambaye upanga wake haukumbagua mwanachuoni na mwasi. Baba yake Abu Amr alikuwa miongoni mwa waliotafutwa. Akakimbia, na kijana akamfuata katika njia za Hijazi na Yemen.

Uhamisho huo ulimpa elimu ambayo huenda asingeipata kwa kukaa Basra. Makka alisoma mbele ya Mujahid, Said bin Jubayr na Ibn Kathir. Madina alisoma kwa Abu Jafar na Shayba bin Nisah. Basra walimu wake walikuwa watu kama al-Hasan al-Basri na Yahya bin Yamar, na Kufa alisoma kwa Asim, yuleyule ambaye kisomo chake kimeenea duniani leo kupitia kwa Hafs. Husemwa kwamba katika wasomaji saba hakuna aliyekuwa na walimu wengi kumshinda.

Nukta hii ya Asim yafaa kukumbukwa na wanaodhani kwamba visomo ni makundi yanayopingana. Imamu wa Makina na mzee wa Omdurman, kila mmoja akifuata silsila yake nyuma, watakutana katika darasa moja la Kufa ambamo mmoja wa maimamu wao alikuwa mwanafunzi wa mwingine.

Hadithi inayosimuliwa zaidi kumhusu ni ya siku za mafichoni. Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 249, jeshi la Talut linakatazwa kunywa maji ya mto isipokuwa teko moja la mkono. Wapo wanaosoma ghurfa, yaani maji yanayojaa kiganja, na ndivyo asomavyo Hafs. Abu Amr alisoma gharfa, kitendo cha kuchota mara moja. Kisomo alikuwa nacho, lakini alikuwa akitafuta ushahidi wa umbo hilo katika ndimi za Waarabu wa jangwani.

Siku moja akiwa ugenini alimsikia mpita njia akighani ubeti wenye neno la umbo hilohilo. Alipomsogelea, mtu yule akampa habari kwamba al-Hajjaj amefariki. Hiyo ilikuwa mwaka 95 Hijria, au 714 Miladia. Abu Amr alikuwa akisimulia baadaye kwamba hakujua lipi lilimfurahisha zaidi, kifo cha mtu aliyekuwa akiwasaka au lile neno.

Aliporejea Basra, darasa lake lilifurika. Al-Hasan al-Basri alipita siku moja, akaona watu walivyomzunguka, akastaajabu jinsi wanachuoni walivyokaribia kuwa mabwana. Miongoni mwa waliochota kwake ni al-Khalil bin Ahmad, aliyeweka kanuni za mizani ya ushairi wa Kiarabu, Yunus bin Habib, na al-Asmai, ambaye alisema alimuuliza maswali 1,000 na kila moja likajibiwa kwa hoja yake.

Hakuwa mtu wa makuu. Inasimuliwa kwamba kutokana na kipato cha nyumba yake alinunua kila siku gudulia jipya la maji na shada la rehani mbichi. Jioni gudulia lilitolewa kwa watu, na rehani ikaanikwa ili isagwe. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, hakughani hata ubeti mmoja wa shairi mpaka umalizike.

Maandishi yake juu ya lugha na habari za Waarabu yalikuwa yamejaa chumba hadi karibu na dari. Kisha akajitupa katika ibada na kuyachoma yote. Alipoirudia elimu ile baada ya muda, hakuwa na kitu ila kile kilichokuwa moyoni. Hasara kwa wanahistoria ni kubwa mno, ingawa kisomo chake hakikupungukiwa, kwani hakikuwa kimewekwa katika karatasi.

Hapa ndipo penye kiini cha suala la visomo. Misahafu iliyosambazwa na Khalifa Uthman haikuwa na nukta wala irabu. Watu wa kila mji waliisoma kama walivyofundishwa, mdomo kwa sikio, na masahaba waliowafikia pamoja na wanafunzi wao. Wanachuoni wakaweka masharti: kisomo kiafikiane na maandishi ya Uthman, kiwe na silsila sahihi ya wapokezi, na kisitoke nje ya Kiarabu.

Abu Amr alikuwa bingwa wa sharti la tatu, na mtu wa aina hiyo angeweza kushawishika kuisahihisha Kurani kwa sarufi yake. Imepokewa kwake kwamba lau asingefungwa na kusoma kama ilivyosomwa kabla yake, herufi kadhaa angezisoma vingine. Hata hivyo, hakusalimika na lawama. Katika Sura ya Taha, aya ya 63, alisoma hadhayni pale ambapo wengine wote katika wasomaji kumi husoma hadhani, na wapo waliomshuku kwamba nahau ilimzidi nguvu. Waliomtetea walijibu kwamba naye alikipokea kwa waliomtangulia. Mjadala huo umo vitabuni mpaka leo, wala haukumtoa katika orodha ya maimamu.

Alifariki Kufa mwaka 154 Hijria, sawa na 770 Miladia, akiwa amepita miaka 80.

Kisomo chake kilibebwa na Yahya al-Yazidi, ambaye pia alikuwa mwalimu wa al-Mamun kabla hajawa khalifa. Kwa Yahya walisoma watu wawili ambao majina yao ndiyo yanayoandikwa leo kwenye misahafu: as-Susi na ad-Duri. Huyu wa pili alikuwa kipofu kutoka kitongoji cha ad-Dur huko Baghdad, akafariki mwaka 246 Hijria, au 860 Miladia. Jina lake pia lilikuwa Hafs, jambo linalowachanganya wanafunzi wengi. Si yule Hafs wa Kufa.

Karne ya 10, Ibn Mujahid wa Baghdad alipochagua wasomaji saba wa kutegemewa, Abu Amr alikuwemo. Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, aliandika kwamba katika zama zake watu wa Sham, Hijazi, Yemen na Misri walisoma kwa kisomo cha Abu Amr. Kwa maneno mengine, wakati majahazi ya Yemen yakitia nanga katika bandari za Waswahili, kisomo kilichokuwa kikisikika upande wa pili wa bahari hakikuwa hiki cha sasa.

Kilichogeuza mambo ni dola na mitambo. Dola ya Uthmaniya ilikitumia kisomo cha Hafs. Mwaka 1924 Misri ikachapisha msahafu wa Cairo kwa kisomo hicho, ukawa kigezo cha misahafu mingi iliyofuata. Mwaka 1961 Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary akarekodi Kurani nzima kwa Hafs, na redio na kanda zikafanya zilizobaki. Ni haki kuongeza kwamba al-Husary huyo huyo baadaye alirekodi pia kwa Warsh, Qalun na ad-Duri.

Kiwanda cha Mfalme Fahd mjini Madina, kilichofunguliwa mwaka 1984, huchapisha msahafu wa Hafs kwa wingi, na kando yake msahafu wa ad-Duri. Mtu akiifungua yote miwili kwenye al-Fatiha ataona neno lile la Siku ya Malipo limeandikwa kwa herufi tatu zilezile: mim, lam na kaf. Katika msahafu wa Hafs ipo alifu ndogo juu ya mim. Katika ule wa ad-Duri alifu hiyo haipo.