Sidi Mubarak Bombay: aliyepita Nindo na Salawe kwa miguu

Msikilizaji wetu, tukiuliza hewani ni wapi ungependa kusafiri siku ukipata nafasi, majibu tunayajua. Serengeti. Zanzibar. Mlima Kilimanjaro. Wachache husema Kisiwa cha Rubondo, kwa kuwa kipo jirani hapa Geita na bado hawajakifikia. Hatujawahi kupokea ujumbe wa mtu anayetaka kwenda Salawe kutembea.

Sisi tunataka. Na sababu yetu ni mtu mmoja aliyefariki mwaka 1885.

Jina lake ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa miaka ya 1820 hivi, katika nchi ya Wayao, kule ambako leo Tanzania inapakana na Msumbiji. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, hata sura yake hakuikumbuka vizuri. Alipokuwa mtoto wa umri wa miaka kumi na kitu, wafanyabiashara wenye bunduki walikivamia kijiji chao, wakawakamata watu. Yeye alifungwa, akasogezwa mpaka Kilwa, akauzwa kwa nguo. Baba yake hakumwona tena.

Kutoka Kilwa alipelekwa Unguja, na kutoka Unguja akavushwa bahari mpaka India, upande wa Gujarat, akamtumikia bwana wake miaka mingi. Jina la Bombay alilipata huko, kutokana na mji ambao siku hizi unaitwa Mumbai. Bwana huyo alipofariki, Bombay akawa huru. Angeweza kubaki India, kama walivyobaki Waafrika wengi ambao vizazi vyao vipo Gujarat hadi leo. Yeye akapanda chombo akarudi Unguja, akajiandikisha kuwa askari wa Sultani. Akapangiwa kituo cha Chogwe, karibu na mto Pangani.

Hapo Chogwe, mapema mwaka 1857, walipita Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, wakijiandaa kwenda bara kutafuta maziwa makuu. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Lugha aliyoielewa ilikuwa Kihindustani, maana alikuwa mwanajeshi India. Katika kituo kile akamkuta askari mweusi, mfupi, mchangamfu, anayeongea Kihindustani. Wakamchukua.

Tukae kidogo kwenye jambo hili, maana ndilo lililotufanya tumfuatilie mtu huyu. Utumwa ulimnyang'anya Bombay baba, kijiji na lugha ya nyumbani. Lakini lugha aliyoipata utumwani ndiyo iliyomfungulia kazi ya maisha yake. Hatusemi utumwa ulikuwa na faida. Tunasema alichukua kile kidogo kilichokuwa mkononi mwake akakifanyia kazi.

Msafara uliondoka pwani Juni 1857, ukafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Miezi zaidi ya minne kwa njia ambayo basi la leo linaimaliza kwa siku moja. Wapagazi walibeba mizigo ya kilo thelathini na zaidi: merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Hizo ndizo zilikuwa fedha za safari, kwa kuwa kila mtemi alidai hongo kabla ya kuruhusu watu kupita nchini kwake. Februari 1858 wakafika Ujiji, wakaliona Ziwa Tanganyika, kisha wakarudi Kazeh wakiwa wagonjwa.

Sasa tunaingia kwetu. Burton alibaki Kazeh. Speke, ambaye macho yalikuwa bado yanamsumbua, aliondoka tarehe 9 Julai 1858 kuelekea kaskazini na msafara mdogo, Bombay akiwa mkalimani na msaidizi wake mkuu. Walipita Msalala, wakakatiza pori la Nindo, wakafika Salawe. Majina hayo Speke aliyaandika kwenye kitabu chake, na mtu wa Shinyanga akiyasoma leo hahitaji ramani.

Fikiria jinsi mazungumzo yalivyokwenda. Speke anauliza kwa Kihindustani. Bombay anageuza kwa Kiswahili. Mnyamwezi mmoja wa msafara anageuza kwa lugha ya wenyeji. Mzee wa kijiji anajibu, na jibu linarudi kwa njia ile ile. Ziwa ni kubwa kiasi gani? Linaishia wapi? Upande wa pili kuna nani? Kila kitu Speke alichokijua kuhusu nchi yetu kilipita mdomoni mwa Bombay.

Tarehe 3 Agosti wakapanda kilima upande wa Mwanza na ziwa likaonekana mbele yao. Wenyeji waliliita Nyanza. Speke akalipa jina la malkia wake, Victoria, akaamua kwamba hapo ndipo chanzo cha mto Nile. Tarehe 25 Agosti walikuwa wamesharudi Kazeh.

Burton hakukubali. Ugomvi wa wale wawili ukawa mkubwa kule Uingereza, na moja ya hoja za Burton ilikuwa kwamba habari zile haziaminiki kwa sababu zilipitia kwa mkalimani. Yaani Bombay akawekwa mashakani katika nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Septemba 1864 mabwana hao walipangiwa kubishana hadharani mjini Bath. Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, siku moja kabla.

Lakini kabla ya hapo Speke alikuwa amesharudi Afrika na mwenzake James Grant, na Bombay akaenda nao tena, kuanzia 1860 mpaka 1863. Safari hii ndiyo iliyopita Uzinza, nchi ambayo leo imo katika mikoa ya Geita na Mwanza. Hali ilikuwa mbaya. Kulikuwa na vita kati ya Waarabu wa Kazeh na mtemi Manua Sera, wapagazi waligoma, Speke akalala mgonjwa kwa mtemi Lumeresi, na msafara wa Grant uliokuwa nyuma ukaporwa na watu wa Myonga. Katika miezi hiyo Bombay ndiye aliyetumwa kurudi Kazeh kutafuta watu na vifaa, halafu kugeuza tena kaskazini. Unaposoma kwamba Speke alikaa akisubiri, ujue kuna mtu alikuwa anatembea.

Na mtu huyo alipigwa. Speke mwenyewe aliandika kwamba alimpiga Bombay ngumi baada ya kutofautiana kuhusu kazi. Bombay aliondoka akivuja damu, akasema basi. Baadaye akashawishiwa, akarudi. Tumebishana studio kuhusu kurudi kwake. Mmoja wetu anasema angekwenda zake moja kwa moja. Mwingine anauliza, kwenda wapi, na mishahara ya miezi yote ile imlipe nani?

Walipita Karagwe kwa Rumanyika, Buganda kwa Mutesa, wakashuka na Nile mpaka Cairo. Jumuiya ya Kijiografia ya London ikampa Bombay medali ya fedha.

Mwaka 1871 alikuwa tena njiani, safari hii na Henry Morton Stanley, mpaka Ujiji walipomkuta Dk. Livingstone. Mwaka 1873 akatoka Bagamoyo na Verney Lovett Cameron, na hawakurudi nyuma: Novemba 1875 walitokea bahari ya Atlantiki, kwenye pwani ya Angola. Kutoka bahari hadi bahari. Inakadiriwa kuwa katika maisha yake alisafiri zaidi ya kilomita 9,000 Afrika, sehemu kubwa kwa miguu. Mwaka 1876 wale wa London wakampangia malipo ya pauni 15 kwa mwaka.

Basi tumeipanga safari yetu, ile ya Julai 1858. Tunaanzia Tabora, Kwihara, kwenye tembe la Livingstone ambalo sasa ni makumbusho. Msafara wa Stanley, Bombay akiwemo, uliishi hapo. Kisha Nzega mpaka Tinde kwa lami. Tinde, mwenye haraka atapinda kushoto Isaka na Kahama, lakini sisi tunashika Shinyanga mjini, Old Shinyanga, Solwa, halafu Salawe, na kutoka hapo kusogea Misungwi hadi Mwanza. Mwenye siku ya ziada ataendelea Geita kwa kuvuka daraja la Kigongo–Busisi, nchi ya Uzinza iliyomtesa Speke.

Wakati wa kwenda ni Juni hadi Agosti, kama walivyokwenda wao. Mavuno yameisha, asubuhi kuna baridi, mbuga zimekauka na majabali yanaonekana mbali. Ukienda masika, ule udongo mweusi utashika tairi na pikipiki utaisukuma wewe. Beba maji ya kutosha, na ukifika kijiji usichokijua anzia ofisi ya mtendaji. Siku hizi hongo haidaiwi, ila salamu bado.

Hatujakubaliana bado kama tutakwenda kwa pikipiki au kwa baiskeli. Kwa miguu hakuna aliyejitolea.