James Otis, avoka aliyeacha kazi ya Leta juu ya dwane

James Otis alizaliwa mwaka wa 1725 ku West Barnstable, mu Massachusetts, wakati Marekani ilikuwa ingali koloni ya Uingereza. Alisoma Harvard, akawa avoka, akapanda mpaka kupata kazi nzuri ya Leta: yeye njo alimsemea mfalme mu tribinali ya mambo ya bahari kule Boston.

Shida ilitoka ku dwane. Tangu 1733, melasi, yale maji mazito ya sukari ambayo watu wa Boston walipikia pombe ya rumu, ilipaswa kulipiwa pensi 6 kila galoni kama inatoka visiwa vya Wafaransa ao vya wageni wengine. Kodi ilikuwa nzito, kwa hiyo mali mingi ilipita kwa kificho, na ba dwane wengi walifumba macho. Kisha London ikakaza kamba. Ba dwane wakatumia karatasi ya kusaka isiyotaja jina la mtu, wala nyumba gani, wala siku gani. Mwenye kuishika aliweza kuingia kwako muchana, kuvunja mulango na sanduku, bila kueleza sababu. Karatasi haikuisha mpaka mfalme afe, na miezi 6 juu yake.

Mfalme George wa 2 akafa Oktoba 1760. Ba dwane wakaomba karatasi mupya, wafanyabiashara 63 wa Boston wakazipinga mu tribinali. Otis, kwa kazi yake, alipaswa kuzitetea. Akaacha kazi, akawasemea wafanyabiashara, na malipo akakataa. Adui zake walisema ni kisasi tu, juu baba yake alinyimwa kiti cha jaji mukubwa, kikapewa Thomas Hutchinson. Labda kisasi kilikuwamo. Lakini mwenye kisasi tu, je, anatupa mshahara na malipo vyote pamoja?

Februari 1761 alisimama mbele ya majaji 5, Hutchinson akiwa mukubwa wao. Upande wa Leta alikuwa Jeremiah Gridley, mwalimu wake mwenyewe wa sheria. Otis alisema karibu masaa 5. Hakubishana sana juu ya pensi. Alisema nyumba ya mtu ni ngome yake, na sheria ya Bunge inayopinga katiba haina nguvu, tribinali isiifuate. Neno zito, kwa nchi ambayo katiba yake haikuandikwa mu kitabu kimoja! Kijana John Adams alikuwa pale akiandika. Baadaye akawa prezida wa Marekani.

Otis alishindwa. Majaji waliuliza London kwanza, kisha Novemba wakakubali karatasi.

Yeye akaingia bunge la Massachusetts. Mwaka wa 1764 aliandika kwamba watu wote, weusi na weupe, wanazaliwa huru. Wengi wa rafiki zake hawakutaka kusikia ile. Septemba 1769 mukubwa mumoja wa dwane, John Robinson, alimupiga kichwani mu nyumba ya kahawa. Tribinali ikamupa pauni 2,000. Robinson alipoomba musamaha, Otis akachukua gharama tu. Akili yake, iliyokuwa imeanza kuyumba, haikupona tena.

Tarehe 23 Mei 1783, ku Andover, alikuwa amesimama mulangoni, radi ikamupiga akafa palepale. Mwaka wa 1791 Wamarekani waliandika mu katiba yao kwamba karatasi ya kusaka itaje pahali na vitu vinavyotafutwa.