Luigi Broglio: Profesa aliyeifanya bahari ya Ngomeni darasa la anga

WAKAZI wengi wa Pwani, kutoka Timbwani hadi Kiunga, wamewahi kusikia habari za San Marco, majukwaa ya chuma yaliyosimikwa baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ni wachache wanaolijua jina la mwalimu wa chuo kikuu aliyebuni mradi huo.

Luigi Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911 mjini Mestre, jirani na Venice, nchini Italia. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha La Sapienza, Rome, kisha akajiunga na jeshi la wanahewa, ambako alipanda hadi cheo cha jenerali. Hata hivyo, hakuiacha kazi ya ualimu, na mnamo 1952 akawa mkuu wa kitivo cha uhandisi wa ndege chuoni humo.

Mwaka wa 1962 Italia ilitia saini mkataba na Shirika la Anga la Marekani, NASA. Wamarekani wangetoa roketi aina ya Scout pamoja na mafunzo, nao Waitalia wangeunda setilaiti na kujenga kituo chao. Kikosi cha Broglio kilikwenda Marekani kujifunza, na Desemba 15, 1964 kikarusha San Marco 1 kutoka Wallops, jimbo la Virginia.

Kituo chenyewe kilijengwa Kenya kwa sababu ya kihandisi. Karibu na ikweta, dunia hujizungusha kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoruka upande huo huanza safari ikiwa na msukumo wa bure, na mbele yake kuna bahari tupu isiyo na makao ya watu.

Aprili 26, 1967 San Marco 2 ilipaa kutoka Ngomeni, ikiwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe cha kupima uzito wa hewa katika anga za juu. Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota. Urushaji wa setilaiti uliendelea Ngomeni hadi 1988.

Broglio aliaga dunia Januari 14, 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Kituo cha Ngomeni sasa kina jina lake.

Lakini lilisalia deni moja. Roketi ziliruka kutoka maji ya Kenya, ilhali shule iliyozaa ujuzi huo ilikuwa Rome. Deni hilo lilianza kulipwa Mei 11, 2018, ilipoachiliwa angani 1KUNS-PF, setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na La Sapienza, chuo alichofundisha Broglio. Haikurushwa Ngomeni, ilitolewa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ila safari hii, Wakenya hawakuwa wenyeji wa jukwaa tu, bali wahandisi.