Sergei Winogradsky, mtu aliyeyasoma matope

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo, nataka kuongea habari za matope. Ndiyo, matope yale yale ya mikokoni hapa Tumbe. Maji yakipwa, chimba kidogo tu kwa mguu, utaona yanatoka meusi tii na harufu ya yai viza. Ule weusi ni chuma kilichoshikana na salfa. Ile harufu ni gesi yenye salfa ndani yake, inayotolewa na bakteria wanaoishi huko chini kusiko na hewa. Sisi tunaziba pua tunapita na ndoo zetu. Kuna jamaa mmoja yeye aliinama akauliza: wanaokaa mle wanakula nini?

Jina lake Sergei Winogradsky. Alizaliwa Kiev mwaka 1856, wakati huo ikiwa chini ya dola ya Urusi, leo ndio mji mkuu wa Ukraine. Kwao walikuwa na uwezo. Alikwenda St. Petersburg kusomea piano kwenye chuo cha muziki, akaacha, mwaka 1877 akaingia chuo kikuu kusoma sayansi. Kwetu hapa wazee wangesema huyu mtoto hatulii.

Mwaka 1885 akahamia Strasbourg, enzi hizo iko Ujerumani, kwenye maabara ya Anton de Bary. Huko akaanza kuchunguza bakteria waitwao Beggiatoa, wako kama nyuzi nyeupe na ndani wamejaa chembe za salfa. Watu waliamini hao ndio wanaotengeneza ile gesi ya yai viza. Winogradsky akawaweka kwenye tone la maji chini ya hadubini akawaangalia siku kwa siku. Gesi ikiisha, zile chembe zinapotea na nyuzi zinadhoofika kwa njaa. Akirudisha gesi, chembe zinajaa tena. Kumbe hawaitengenezi, wanaila! Akatangaza mwaka 1887 kwamba salfa kwao ni kama mkaa jikoni. Mwaka 1888 akasema kuna wengine wanafanya hivyo hivyo kwa chuma.

Jamani hili halikuwa jambo dogo. Mpaka hapo ilijulikana kwamba kiumbe anapata nguvu kwa jua kama mmea, au kwa kula kilichotoka kwa kiumbe mwenzake kama mimi na wewe. Yeye akaleta njia ya tatu: kuishi kwa madini. De Bary alipofariki 1888 akaenda Zürich, na kufikia 1890 akaonesha kwamba bakteria wa udongoni wanaogeuza amonia wanajenga miili yao kwa hewa ya ukaa bila mwanga wowote.

Sasa hapa ndipo ninapopenda mimi. Kuishi kwa salfa maana yake nini? Salfa inatoa elektroni, na elektroni zinapokewa na oksijeni. Lakini haziruki moja kwa moja. Zinapokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine, kama vijana wanavyopanga mstari wakipokezana tenga za dagaa kutoka chomboni mpaka nchi kavu. Katika baadhi ya hatua bakteria anachuma nguvu kidogo. Na baadhi yao kwenye mstari huo ni protini zenye kifundo kidogo cha chuma na salfa ndani yake, mara chuma mbili na salfa mbili, mara nne kwa nne. Yaani vitu viwili vile vile vinavyolifanya tope la Tumbe liwe jeusi!

Winogradsky hakuvijua vifundo hivyo. Lakini alituachia pa kuvitafutia. Mwaka 1891 alirudi St. Petersburg, na miaka michache baadaye akapata bakteria wa udongoni asiyetaka oksijeni, anayekamata naitrojeni ya hewani. Akampa jina Clostridium pasteurianum, kumheshimu Pasteur. Shikeni jina hilo.

Mwaka 1905 akastaafu, afya yake haikuwa nzuri, akaenda kukaa shambani kwake. Mapinduzi ya 1917 yakapita na kila kitu. Mtu ana miaka zaidi ya sitini, hana shamba, hana maabara, hana nchi. Akakimbia, akafundisha kidogo Belgrade, na 1922 Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa ikampa maabara Brie-Comte-Robert, karibu na Paris. Wengi wangekaa barazani kusimulia walichopoteza. Yeye akaanza upya na udongo, akafanya kazi mpaka 1940. Kitabu chake kikubwa kuhusu bakteria wa udongo kikatoka 1949. Alifariki 1953, akiwa na miaka 96.

Miaka tisa baadaye, 1962, watafiti wa kampuni ya DuPont huko Marekani wakatoa protini ya rangi ya kahawia inayobeba elektroni, wakaiita ferredoksini. Ndani yake chuma na salfa. Waliitoa wapi? Kwa yule yule Clostridium pasteurianum.

Na usidhani ni habari ya maabara tu. Flagyl unaijua, nani asiyeijua? Kidonge hicho kikiingia ndani ya bakteria wasiotaka oksijeni, au ameba wa tumboni, ferredoksini yao inakipa elektroni, na hapo ndipo kinageuka sumu inayokata DNA yao. Seli zetu haziwezi kukisukumia elektroni kwa namna hiyo, ndiyo maana wao wanakufa sisi tunabaki na uchungu mdomoni tu.

Walimu wa kemia mliomo humu, mwenye nyongeza aiweke hapo chini kwenye maoni. Na mwenye kujua mikoko inastahimilije kusimama kwenye gesi ile mwaka mzima, namsubiri kwa hamu.