Bill Stumpf: Mbunifu aliyeondoa sponji kwenye kiti cha ofisi

MSIMU wa mavuno unapofika, karani wa mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, wilayani Mbarali, hukaa kitini kutwa nzima akiandika magunia. Jioni mgongo unauma na suruali imelowa jasho. Kuna mtu aliyeyatafutia dawa matatizo hayo mawili karibu maisha yake yote, naye ni Mmarekani Bill Stumpf.

Alizaliwa mwaka 1936 mjini St. Louis. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin alishirikiana na madaktari wa mifupa na wa mishipa ya damu, akapiga picha watu wakiwa kazini aone wanavyokaa. Aligundua kuwa hakuna anayetulia. Mwili hujisogeza kila mara. Kiti kinachomfunga mtu katika mkao mmoja, hata kiwe na ngozi ya bei mbaya, kinamuumiza.

Mwaka 1976 kampuni ya Herman Miller ilitoa kiti chake cha Ergon, kinachopanda, kushuka na kulala nyuma. Baadaye aliungana na Don Chadwick, wakatengeneza kiti cha wazee wanaoshinda wamekaa. Hapo ndipo walipoona kwamba sponji nene hutunza joto na kuchangia vidonda. Kiti hicho hakikuingia sokoni, lakini somo lilibaki.

Mwaka 1994 wakatoa Aeron, kiti cha wavu unaopitisha hewa, bila sponji wala kitambaa. Wengi waliooneshwa mwanzoni walikiona kibaya, kama kiti ambacho fundi hajakimaliza. Hata hivyo kiliuzwa sana, ingawa ni ghali.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni kwamba kilitolewa kwa saizi tatu, A, B na C, kama viatu. Bosi mnene na karani mwembamba hawawezi kukaa kiti kimoja wote wakastarehe. Nyayo zikanyage sakafu, na ukingo wa mbele usibane nyuma ya magoti.

Kampuni nyingi za intaneti zilipofilisika Marekani mwaka 2000 na 2001, viti hivyo viliuzwa kwa mnada. Stumpf alifariki Agosti 2006, akiwa na miaka 70.

Anayenunua Aeron ya mtumba apapase ukingo wa juu wa egemeo, kwa nyuma: kinundu kimoja ni saizi A, viwili ni B, vitatu ni C.